Kashata za Krismasi ya Njaa

Pale kijijini Ulemo, Rahabu alijulikana kwa kashata. Alijifunza kuzipika akiwa msichana, alipokuwa akimsaidia mpishi wa misheni, na tangu aolewe na Naftali haikupita Krismasi bila watoto kumzunguka nje ya kanisa, mikono imenyooshwa. Karanga alilima mwenyewe, na asali ilitoka kwenye mizinga ya mumewe. Hakumwuzia mtu hata kipande. "Hizi ni za Krismasi," alisema, basi.

Vita vya Hitla vikamchukua Naftali. Akavaa kaputula ya Keya, jeshi la Mwingereza, akaondoka, nyumbani wakabaki Rahabu, binti yao Cecilia, na mama mkwe, Bibi Selina.

Mwaka uliofuata mvua ikakataa. Uwele ulinyauka ukiwa haujafika hata magotini. Nyuki wakahama mizinga. Watu walichimba mizizi, wakachemsha hata ngozi za kulalia. Vitu pekee vilivyobaki nyumbani kwa Rahabu ni kibuyu kidogo cha asali, kilichowekwa kwa ajili ya dawa, na kilindo, kasha la gome la mti, cha karanga za mbegu kilichokaa darini, juu ya moshi.

Cecilia alianza kuvimba miguu kiangazi kilipokaza. Asali wakamlambisha kidogo kidogo, lakini asali peke yake haimsimamishi mtu. Rahabu akapanda kukifuata kilindo.

"Shuka," Bibi Selina alimwambia.

"Mama, mtoto anakwisha."

"Namwona. Ni damu yangu pia. Ukizitoa hizo leo, mvua ikija tutapanda nini? Naftali atakuta makaburi tu hapa. Shuka, mwanangu."

Rahabu akashuka. Hakuna aliyemshika, hakuna aliyemvuta. Alishuka kwa miguu yake mwenyewe, na hilo ndilo lililokuja kumla moyo.

Cecilia alikuwa bado akizungumza. "Mama, Krismasi utapika kashata?"

"Nitapika."

"Nitagawa mimi?"

"Utagawa wewe."

Hakuifikia. Walimzika nyuma ya nyumba, wachimbaji wakipumzika kila mara kwa kukosa nguvu.

Desemba ikaingia, mbingu nyeupe kama majivu. Siku moja kabla ya Krismasi Rahabu alipanda darini, akateremsha kilindo, akakikata kamba. Bibi Selina alikuwa amekaa mlangoni. Alitazama karanga zikimwagwa kwenye kikaango. Kisha akageukia ukuta.

Rahabu alikaanga, akapepeta maganda, akatwanga nusunusu. Akachemsha asali yote iliyobaki mpaka ikawa nzito inavuta nyuzi, akachanganya, akaitandaza juu ya ubao na kuikata ingali na joto. Harufu ilijaa nyumba. Mate yalimjaa, akayameza kwa hasira, wala hakuonja.

Asubuhi alisimama nje ya kanisa na ungo wake. Watoto walikuja taratibu, hawakusukumana. Walipokea kwa mikono miwili, wakainama: "Shikamoo, mama." Hakuna aliyecheka. Marko, mtoto wa jirani yake Magdalena, alifunga kipande chake kwenye kona ya nguo.

"Kula, baba," Rahabu akamwambia.

"Nampelekea mama. Haamki."

Mwingine alitafuna upesi, tumbo lililozoea kukaa tupu likakataa, akatapika palepale. Akachuchumaa, akaanza kuokota vile vipande kwenye vumbi.

Alikuwa amefikiri kwamba akizigawa, kitu fulani kifuani kingelegea. Hakikulegea. Kila mkono ulionyooshwa ulimkumbusha ule ambao haukupewa. Ungo ulipokwisha alirudi nyumbani akalala kifudifudi.

Januari, mvua ikanyesha. Ilinyesha kwa nguvu, ardhi ikanuka vizuri, na wale waliobakiwa na mbegu wakatoka na majembe alfajiri. Bibi Selina alisimama barazani, maji yakimtiririkia miguuni.

"Imekuja," alisema.

"Imekuja, mama."

"Cecilia tulimnyima bure, basi."

Rahabu alichukua jembe, akaenda kwa Magdalena, ambaye alikuwa amepata nafuu na alikuwa na mbegu kidogo, akamlimia kwa ujira wa chakula. Kutoka pale aliliona shamba lake mwenyewe, likiota magugu.

Naftali alikuwa hajarudi, nao wakaishi kwa vibarua vya namna hiyo na kwa uji wa misheni. Mavuno ya wengine yalikuwa mazuri mwaka ule. Krismasi iliyofuata watoto walipita njiani wakiimba, wamenenepa kidogo. Wakapunguza mwendo mbele ya nyumba ya Rahabu, wakatazama mlango. Yeye alikuwa ndani, amekaa karibu na jiko lisilo na moto. Akangoja mpaka nyimbo zikafika mbali, ndipo akafungua.