Siku Nilipozima Umeme wa Maulidi Hombo

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu unaopanda na kushuka, na kwa makosa ya herufi, maana nimesoma shule ya msingi tu na Kiswahili nilifundishwa na babu aliyewahi kuishi Unguja. Aibu ninayotaka kuwasimulia hadi leo inanitoa jasho.

Kisiwa cha Nzuani kilikuwa kimejitenga na serikali ya Komoro iliyoko Moroni, kisiwani Ngazija, na mimi kijana wa Moroni nimekwama mji wa Mutsamudu, huko Nzuani, kwa mama mdogo, nikifanya kazi ya maji machafu pale mtaa wa Hombo. Tope la vyoo tulilichemsha kwa dizeli ili minyoo ife kabla wakulima hawajalichukua kuwa mbolea, lakini vikwazo vya Moroni vikaja, dizeli ikaisha, na mkubwa wangu, Fundi Bakari, akafunga vyuma vya umeme vya kupashia moto, kwa sababu umeme wa mtoni bado ulikuwepo, japo dhaifu. Alasiri moja akaniambia, "Kabla hujawasha, nenda kwa jirani, Bi Echati, azime jokofu na kipaza sauti. Waya ni mmoja!"

Nilikwenda. Nikakuta maulidi ya wanawake, ua mzima umejaa mashiromani, zile nguo wanazojitanda wanawake wa Nzuani, hakuna mwanamume hata mmoja (na kwetu mwanamume hajipeleki pale), nikakohoa, nikatafuta mtoto wa kumtuma nikamkosa, nikarudi nikijiambia labda waya utavumilia, nikawasha.

Haukuvumilia. Nguzoni pwaa! Cheche zikaruka, kasida ikakatika, na mwanamke mmoja akapiga ukelele, "Wameshuka! Jeshi la Moroni limeshuka!" Mtaa ukatimua mbio kuelekea Mirontsi, na vijana wenye bunduki wakanikuta peke yangu, mkono bado uko kwenye swichi.

"Si yule Mngazija huyu? Kazima umeme wenzake washuke!"

Nikaona nimekwisha. Nikamuwaza mama yangu kule Moroni, asiyejua hata kama mimi ni mzima. Wakanikokota kwa shati mpaka mlango ule ule wa Bi Echati, watu wameanza kurudi.

"Sema, nani kakutuma?"

"Mimi!" Fundi Bakari akafika akihema. "Nilimtuma awaambie wanawake wazime vyombo."

"Mbona hakuwaambia?"

Wote wakanitazama. "Niliona haya," nikasema.

"Sema kwa nguvu!"

"Niliona haya kuingia kwa wanawake!"

Bi Echati, shiromani begani, akashika kiuno. "Ewe mwana wa watu! Mimi na unene wangu huu nimekimbia na kiatu kimoja, kumbe nakimbia haya yako?"

Ua ukaangua kicheko, mpaka wenye bunduki, na mmoja wao akaliachia shati langu.

Tangu hapo nikitumwa nasema, hata iwe kwa kupayuka nje ya ukuta. Siku hizi nimerudi Moroni kwa mama, na huku vijana wananicheka eti nasema kama Mnzuani. Je, nanyi haya imewahi kuwaponza hivi? Niandikieni, hata mistari miwili. Naandika polepole, lakini nitawajibu.