Boneti ya Moto

Harufu ya viti vikuukuu na petroli imenipokea kwenye uwanja wa magari yaliyotumika, hapa Tabora mjini, nami nikamkumbuka baba.

Asubuhi moja nikiwa mtoto, mimi naye tulitoka kijijini kwetu Kwihara kwa miguu kutafuta gari la kumpeleka mama kliniki, maana miguu yake ilikuwa imegoma. Muuzaji alitusifia pikapu moja. "Mzee, hii hainywi mafuta, inanusa tu."

Baba aliweka kiganja juu ya boneti, akaikuta ya moto, akamgeukia muuzaji. "Mwanangu, mbona imeamka kabla yetu?"

"Nimeipasha kidogo tu, mzee."

"Injini mbovu ndiyo huamshwa kabla mnunuzi hajafika. Ungeiacha ilale, tuiamshe wote."

Tulirudi kwa miguu, vumbi likitupanda hadi magotini. Mama alikuwa amekaa mlangoni, amejifunga khanga zake za kutokea. Baba alimwambia, "Bado tunatafuta."

"Haya," alisema mama, akaanza kuzifungua.

Leo kijana muuzaji ananiamkia, "Shikamoo mama. Hii inanusa tu."

Naweka kiganja juu ya boneti. Ni ya moto. Nimezunguka miji mingi nikitafuta gari, na magoti yananiuma.

"Marahaba," namjibu. "Nipe funguo."