Mapovu ya Watu Watatu

Kila neno hapa chini ni kweli tupu. Mwandishi ameapa kwa mikorosho yake yote kumi na tisa, inayozaa na iliyogoma.

Saa mbili asubuhi, kwenye bwawa la maji ya bomba chini ya mteremko wa Newala, Mudathiri Shamte anajifunga mtungi wa hewa mgongoni. Kabla ya kugusa maji anawashika mabega wenzake wawili, Hamudi na Nikolao, mmoja mmoja.

Mudathiri, miaka arobaini na moja, mkazi wa Mkomaindo, huzama kusafisha chujio la bomba kuu. Hulipwa elfu sabini kwa siku, na siku zenyewe hazifiki thelathini kwa mwaka. Zilizobaki yuko kwenye korosho.

Maji haya ni kama chai ya maziwa, mwenzako humwoni. Kwa hiyo kila baada ya pumzi kumi unageuka, unampapasa mkono. Ukingoni anakaa mtu wa kutazama mapovu: watu watatu, mafungu matatu.

"Mwaka juzi sikugeuka," anasema Mudathiri, macho chini. "Chujio lilikaribia kufunguka, nikasema nimalize kwanza. Tulipotoka juu tulikuwa wawili."

Nikolao alikuwa amenaswa mguu na wavu mkuukuu, hewa inamwishia. Mudathiri alirudi akaukata wavu. Nikolao alilazwa siku nne.

Tangu hapo Mudathiri huona haya kupita mbele ya nyumba ya Mama Nikolao. Akimpa shikamoo, mama huitikia marahaba, kisha humuuliza: "Mwenzio yuko wapi?"

Mtu wa ukingoni hakuwa na kosa. Samaki mkubwa kama kitanda cha futi sita alipita, akavuruga mapovu yote.

Makala yalipofika hapo, mwandishi aliwasomea wazamiaji. Nikolao akaomba sehemu ya samaki irudiwe.

"Babu, mimi nilikuwa chini. Huyo samaki alinipitia wapi?"

Mwandishi akasema labda kwa juu.

"Uliyapa maji mgongo. Ulikuwa unawasimulia wageni wa Tandahimba habari ya chatu aliyemeza pikipiki. Hamudi ametoka majini, akakukuta bado uko kwenye taa ya nyuma ya hiyo pikipiki," Nikolao akamjibu.

Ni kweli. Mtu wa ukingoni alikuwa mwandishi, karani mstaafu, na miaka miwili amemwachia Mudathiri aibu aibebe peke yake.

Nikolao ni mtani wake, akamtoza jogoo papo hapo. Mudathiri akasema anataka kufundisha vijana wanne kuzama kabla ya masika, na anahitaji macho ukingoni.

"Utakaa pale mdomo umeufunga, mpaka wa mwisho atoke. Lakini kwanza twende kwa mama."

Wakapita mlango wa mbele, mwandishi na jogoo kwapani. Mama Nikolao akaitikia marahaba, akauliza swali lake.

"Huyu hapa, mama," Mudathiri akasema. "Leo nimemleta."