Wali wa Matanga ya Mume Wangu

Nilijua wamefungua gunia langu kwa harufu tu. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka chumba cha ndani, kanga kichwani, mume wangu tumemzika jana yake, wanawake wa ukoo wamenizunguka wanalia. Harufu ya wali ikaingia dirishani. Haikuwa ya wali wowote tu. Ni mpunga wa kutoka Ngonga niliouchagua kwa mkono wangu, ule ukichemka jirani anajua umepika nini.

Mpunga ule haukuwa chakula cha nyumba. Ulikuwa biashara. Wakati wa mavuno nanunua kwa wakulima, naweka stoo, nasubiri masika, nyumba nyingi zikiwa zimemaliza akiba. Hapo ndipo nakoboa na kuwauzia mama ntilie wa Kyela mjini. Nikiuza, nanunua tena. Kwa mzunguko huo nimesomesha watoto, mimi niliyeishia darasa la nne. Aliyeujua mzunguko huo ni mume wangu peke yake, na huyo ndiye tuliyekuwa tumemfukia.

Nikamwita shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliyekuwa anasimamia msiba. Akaja akasimama mlangoni.

"Shemeji, huo mpunga mmeutoa wapi?"

"Stoo ya kaka."

"Ni wa biashara huo."

"Biashara gani, shemeji? Iko wapi karatasi yake? Hata ubao huna pale nje. Mpunga umo ndani ya nyumba ya kaka, ni wa kaka. Unataka watu wa Talatala warudi kwao wakisema tulimzika kwa njaa?"

Wanawake wakaacha kulia ili wasikie vizuri. Mmoja akacheka kwa pua. "Jamani, mjane anawaza magunia," akasema, wala hakunong'ona.

Kwetu mjane hatoki msibani kwenda kufunga stoo. Anakaa. Nikakaa. Wakakoboa, wakapika, wakala mpaka gunia la mwisho, na wengine wakafungashiwa. Wakija kuniaga wananishika mkono: "Ndaga fijo, mama, asante sana, wali wenu mtamu." Wananishukuru kwa kunimaliza, nami inanibidi niitikie.

Masika yalipofika mama ntilie wakaja, wakakuta stoo ina panya tu. Wakahamia kwa mwingine. Siwalaumu, wateja wao hawali pole.

Wataalamu wa wilaya huja kutuambia sisi wenye biashara ndogo tuandike mpango, eti benki itukopeshe. Benki! Mimi aliyenifilisi hakutoka benki. Alikuwa ndugu, tena alikuwa analia machozi ya kweli. Mpango unaandikwa kwa sababu ya watu wanaokula nyumbani kwako. Ukibaki kichwani mwako, wewe unaona mtaji, wao wanaona chakula cha mchana. Na siku usipoweza kusema, au ukisema wanakuona mjane asiye na haya, karatasi itasema badala yako.

Mwaka huu nimeanza tena, kidogo. Nimekaa na mjukuu wangu wa kike, mimi nasema, yeye anaandika: tunanunua lini, tunauza lini, upi ni mtaji usioguswa, nani mwenye ufunguo nikiwa sijiwezi. Tukafika kwenye misiba. Akaniuliza, "Bibi, hata hiyo tuandike?" Nikamwambia hiyo ndiyo ya kwanza. Biashara inatoa debe moja la mchele, basi.

Halafu nikamwita shemeji, nikamkalisha, mjukuu akamsomea yote, neno kwa neno. Shemeji akasikiliza akikuna goti.

"Sasa shemeji, na mimi nikifa, debe moja?"

"Debe moja. Likiisha, watapika ndizi zako mwenyewe."

Akacheka sana, akidhani ni utani wa shemeji. Nikamwambia mjukuu amsomee tena hapo kwenye debe.