Wifi Yangu Anauza Kilio Changu Mtandaoni, na Alhamisi Anataka Nimsitiri

Aliyetuletea haya ni msomaji wetu wa Mombasa. Jina tumelificha kama alivyoomba, maneno tumeyaacha yalivyo.

Assalam aleikum admin na nyote mnaosoma. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, mjane, naishi Mji wa Kale. Nina binti mmoja tu, ameolewa Lamu kwenye familia ya watu wa dini sana, na wanamtunza vizuri, alhamdulillahi. Kabla hamjaanza kuniandikia "samehe mama, samehe", nawaomba msome mpaka mwisho. Moyo wangu unachemka na sikuja hapa kutafuta subira.

Tangu usichana wangu naimba kwenye harusi za wanawake. Wanaume hawaingii, na sauti yangu haijawahi kutoka nje ya mlango. Marehemu mume wangu alinioa akijua naimba, na sharti lake lilikuwa hilo moja. Ndiyo maana kwetu siku ya hina simu zote huwekwa kwenye kikapu mlangoni, na kikapu hupewa mtu wa kuaminika. Siku ya hina ya binti yangu nilimpa wifi yangu, dada wa marehemu, ambaye nitamwita Salma. Nilikuwa nimemtungia mwanangu wimbo wa beti nne. Ubeti wa nne unamtaja babake ambaye hakuwahi kuiona harusi yake, na hapo nikashindwa. Nililia huku naimba, nimemshika mwanangu mkono, wanawake wakapiga vigelegele kunisitiri. Simu zote zilikuwa kikapuni isipokuwa moja, ya mwenye kikapu.

Sikujua lolote mpaka nilipokwenda Marikiti kununua bizari. Muuzaji, mwanamume mzima na ndevu zake, alikuwa ametundika spika juu ya magunia, na ndani ya spika ile nilikuwa mimi. Nilidhani homa imenipanda. Nikasikia beti zote, mpaka kile kilio. Nikamuuliza, "Wimbo huu umeupata wapi?"

Akanijibu kwa furaha, "Huu mama, uko kwenye lile duka la nyimbo la mtandaoni. Zamani lilikuwa la ng'ambo tu, ukilifungua hapa lakwambia huduma haiko nchini kwako. Sasa limefunguliwa kwetu. Mtu atia wimbo wake hapa Mombasa, wanunuliwa Maskati, Ngazija, mpaka London. Huyu mama apendwa kweli huko. Na hapa anapolia ndipo patamu."

Patamu! Akanionyesha simu yake. Kulikuwa na picha ya mkono wenye hina, na jina la Salma limeandikwa chini yake. Niliiacha bizari palepale, nikapanda tuk-tuk mpaka dukani kwake anakouza mabuibui.

Wala hakukana. Alinitazama usoni akasema, "Wifi, si weye uliyetaka sauti yako isijulikane? Basi haijulikani. Kwani ningeandika jina lako ungefurahi? Mimi nimekusitiri."

Nilitaka kumtangaza mji mzima siku ileile. Jioni binti yangu akanipigia simu, anaongea kwa kunong'ona. "Mama, wimbo umefika huku. Wote wadhani ni shangazi. Lakini pale pa kulia mimi napajua, ulikuwa umenishika mkono. Nakuomba, nyamaa mama. Mama mkwe akijua ni weye, mimi ntaishi vipi hapa?"

Nikanyamaza. Waliokuwepo siku ya hina ni jamaa zangu, na wao pia wamenyamaza kwa ajili ya mtoto. Salma ndiye aliyebaki akipongezwa. Siku hizi anajizungushia mtandio shingoni na kunywa maji ya tangawizi mbele za watu, ati analinda sauti. Mtu akimwomba aimbe kidogo anajikohoza, anasema koo linamsumbua. Yule akiimba hata paka wa mtaani wanahama! Namchukia, sitawaficha. Nikimwona anacheka nasikia joto mpaka masikioni.

Basi wiki iliyopita alikuja mwenyewe kwangu, hana hata rangi usoni. Kuna familia tajiri ya Kizingo wanamuoza binti yao. Jamaa zao wa Maskati wameusikia wimbo kwenye lile duka na wamesema hawaji mpaka mwimbaji mwenyewe awepo. Na mwenzangu, kwa tamaa ya sifa, amekubali! Alinipigia magoti. "Wifi, nisitiri. Nyuma ya kiti cha bibi harusi kutakuwa na pazia. Weye kaa nyuma na maikrofoni, mimi ntafungua mdomo tu."

Nikamwambia, "Hamna neno wifi yangu, ntakuja." Akanibusu mkono. Tangu siku hiyo nalala usingizi mtamu.

Nawaambia nilichokusudia. Mwanangu aliniomba ninyamaze, nami nitanyamaza. Nitaimba beti tatu kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa, mpaka wageni wa Maskati wasimame. Kisha nitazima maikrofoni, nijifunike uso, nitoke kwa mlango wa jikoni. Ubeti wa nne nitamwachia yeye, amesimama mdomo wazi mbele ya wanawake wote wale. Kilio si anakijua kukiuza, sasa alie mwenyewe.

Linalonikata ni mawili. Bibi harusi hana kosa, na siku yake itaharibika. Na mtu akilivuta pazia kabla sijafika mlangoni, atakayelipa ni binti yangu kule Lamu. Salma simwonei huruma hata kidogo.

Harusi ni Alhamisi. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Ila msiniambie nisiende, buibui nimeshalipiga pasi. Niambieni tu, ninyamaze kwenye ubeti wa pili niuwahi mlango, au nisubiri mpaka ule wa nne?