Likizo ya Uzazi ya Mbuzi wa Kankolongo

Mwaka 1976, hapa Kindu, nchi ikiitwa Zaire, viumbe walioruhusiwa kuanza siku saa tatu asubuhi walikuwa kumi na mmoja tu, na wote walikuwa mbuzi wa Kankolongo. Sisi wengine, saa kumi na mbili na nusu tulikuwa tumeshajipanga mbele ya stesheni, tukikata viuno na kuimba sifa za Chama tawala kabla ya kuruhusiwa kushika kazi. Mimi nilikuwa mpima mizigo wa reli, mwenye kitambi na goti bovu, na nilicheza. Mbuzi wa Kankolongo hawakucheza. Walikuwa ndani ya kibanda chao cha miguu mirefu, wakicheua, wakingoja umande ukauke.

Kankolongo alikuwa jirani yangu, Mluba wa Kasai, mrefu na mkavu, mganga wa wanyama wa serikali. Alibatizwa Anaclet, lakini majina ya ubatizo serikali ilikuwa imetupokonya sote, naye hakulalamika. Serikali ilimpa vitu viwili: cheo na mhuri. Dawa aliambiwa zinakuja na meli ijayo. Meli zilikuja nyingi.

Kwa kuwa dawa hazikuja, alitumia akili. Minyoo ya mbuzi, alitueleza kila alipotukuta hatuna pa kukimbilia, hutaga tumboni, mayai yakatoka na mavi, na vitoto vyake vikapanda kwenye majani yenye umande, vikakaa huko juu kungoja mdomo. Jua likikausha majani, hatari hupungua. Kwa hiyo mbuzi alale juu, mavi yapite katikati ya fito yaanguke chini. Kamba yake ihamishwe kila siku ya tatu, asirudi upesi kula mahali alipokunya. Na asile majani mabichi ya alfajiri hata akilia vipi. Kama minyoo imeshaingia na inanyonya damu, utaijua kwa kuvuta kope la chini la jicho: ndani kukiwa kwekundu, mbuzi ni mzima, kukiwa kweupe, ameliwa.

Mazoea yana tabu. Alivuta kope za mbuzi, akavuta kope za watoto wake, na Jumapili moja kanisani, tukiwa tumepiga magoti, alinyoosha mkono akavuta kope langu.

"Nyekundu," alininong'oneza, kisha akaendelea na Baba Yetu.

Mbuzi akizaa ndipo ungemwona Kankolongo mwenyewe. Alimfuta mtoto pua kwa kidole, akamtekenya tundu la pua kwa unyasi mpaka apige chafya, akachovya kitovu chake katika kikombe cha yode, ile dawa ya kahawia ya vidonda, ambayo aliihifadhi kuliko mshahara. Halafu aliketi hapo mpaka mtoto anyonye dang'a, yale maziwa ya kwanza, mazito, ya manjano. Kabla ya hapo yeye mwenyewe hakula, wala hakuondoka.

"Hii njo chanjo yake," alisema. "Hakuna ingine."

Mke wake, Mama Tshiela, alisimama mlangoni na mikono kiunoni. "Baba Mpoyi, nilizaa batoto tano. Hata siku moja hukunikalia macho hivi."

"Weye ulikuwa na bamasere ba misioni," akajibu bila kugeuka, akimaanisha masista. "Huyu iko na miye tu."

Tulimcheka. Mtaa mzima ulimcheka, na mimi nikiwa mbele. Nilikuwa na mbuzi watatu waliolala chini ya upenu wa nyumba na kula walipotaka, saa waliyotaka. Niliwaita raia huru.

Kulikuwa na jambo moja lisilochekesha. Alipotoka Kasai akiwa kijana, mama yake alimpa mbuzi jike mmoja, mweusi, mwenye doa jeupe kwenye paji. Mama alipofariki, gari-moshi lilikwama njiani majuma mawili, na Kankolongo akafika kukuta kaburi limeshaota majani. Mbuzi wake wote walikuwa damu ya jike yule. Kitukuu chake, mweusi mwenye doa lilelile, tulimwita Bibi. Siku moja Kankolongo aliniambia, "Kasanda, mama alinipa hii. Mengine yote nilichelewa." Hakuwa analia. Alikuwa anamfuta Bibi pua, na pua ilikuwa kavu.

Sasa nije kwa mkubwa wetu. Jina lake naliacha, wajukuu wake ni watu wema, tumwite kwa cheo chake, Komisere. Mvua za mwaka ule zilipoanza, majani yalirefuka kutoka stesheni mpaka bandarini, na wageni kutoka Kinshasa walikuwa wakitazamiwa. Salongo, ile kazi ya lazima ya kila Jumamosi, ilikuwa imetuchosha, mapanga yamekuwa butu. Komisere akapata wazo. Mbuzi nao ni wa Zaire. Nao wafanye salongo. Kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kila mwenye mbuzi awalete kando ya barabara wale majani kwa ajili ya taifa.

Kankolongo alivaa koti lake akaenda ofisini, nami nikamsindikiza ili nipate cha kusimulia.

"Citoyen Komisere," alisema, maana neno bwana lilikuwa limekatazwa na sote tulikuwa raia, "asubui majani iko na maji, na mutoto ya munyoo inapanda na ile maji. Mbuzi yote ya Kindu mahali pamoja, watakufa. Tungoje saa tatu, jua ikauke."

"Salongo inaanza saa kumi na mbili," alisema Komisere. "Mbuzi haiko ju ya sheria."

Tukarudi nyumbani. Kesho yake alitoa karatasi na ule mhuri wake, akaandika: kwa kuwa Chama kinamheshimu mama mzazi, kwa kuwa raia wa kike mwenye kazi hupewa likizo akizaa, na kwa kuwa salongo ni kazi, basi mbuzi wafuatao wako katika likizo ya uzazi. Wakafuata wote kumi na mmoja, pamoja na beberu, ambaye mbele ya jina lake paliandikwa "msindikizaji". Akagonga mhuri. Isidore, karani wa Komisere, alipoona mhuri akagonga wake juu yake bila kusoma. Mhuri hauulizi mhuri mwenzake.

Basi mbuzi wetu walifanya salongo, na mbuzi wa Kankolongo wakabaki nyumbani wakitutazama tukipita. Kufikia Disemba wangu walikuwa wamevimba chini ya taya kama waliomeza mayai. Nilimwita jirani. Alivuta kope la wa kwanza, la wa pili, la wa tatu. Yote yalikuwa meupe kama karatasi. Hakusema nilikuambia. Alinipa nusu ya dawa ya minyoo ya mwisho aliyokuwa nayo, aliyoinunua kwa fedha yake, tukamnywesha yule aliyeonekana na nguvu, naye akafa Jumanne, baada ya wenzake. Kila nyumba ya mtaa wetu ilizika mbuzi. Sikucheka tena.

Ilipokaribia sikukuu ya Chama, mwezi wa tano, Komisere alihitaji kuonyesha matunda ya salongo ya mbuzi, na matunda yaliyokuwa bado yanatembea yalikuwa kwa Kankolongo. Akatangazwa Mfugaji wa Mfano. Vijana ishirini wa Chama wakaletwa uani kwake na madaftari, wajifunze.

Hapo ndipo udhaifu wake ulipoonekana: alipenda kufundisha. Aliwaeleza umande, fito, kamba, kitovu, dang'a. Alimshika Bibi, mwenye mimba kubwa, akavuta kope lake wote waone. "Nyekundu, njo muzima. Nyeupe, njo mugonjwa." Kila mmoja akavuta kope la mbuzi mmoja. Waliandika yote. Miaka kumi na minne alikuwa akiandikia serikali, na siku ile kwa mara ya kwanza serikali iliandika maneno yake. Alikuwa na furaha ya bwana harusi, na mimi nilifurahi naye, mjinga mwenzake.

Siku moja kabla ya sikukuu, vijana wale wale walirudi na lori. Kiongozi wao aliitwa Désiré nyumbani, na kitu kingine ofisini. Walitakiwa kupeleka mbuzi sita wa karamu, wazima kabisa. Wakaanza kuvuta kope, mmoja baada ya mwingine, kwa uangalifu, kama walivyofundishwa. Wa sita akawa Bibi, aliyekuwa amezaa asubuhi ile, mtoto bado amelowa.

"Huyu hapana," alisema Kankolongo. "Amezaa leo. Mutoto hayanyonya."

"Papa, njo weye ulitufundisha. Nyekundu njo muzima."

"Iko na likizo ya uzazi. Karatasi iko. Mhuri iko."

Désiré aliichukua karatasi akaisoma mpaka mwisho. Nadhani ndiye mtu wa kwanza kuisoma. "Likizo ni ya salongo, Papa," alisema kwa heshima. "Hii haiko salongo. Hii iko chakula."

Kankolongo hakubishana tena. Aliomba dakika tano. Alipiga magoti kando ya gurudumu la lori akamkamua Bibi dang'a katika kikombe cha Mama Tshiela. Désiré alimshikia pembe. Kisha wakampandisha, lori likaondoka.

Kesho yake Kankolongo alipewa diploma mbele ya watu wote, kwa kazi njema katika salongo ya mbuzi. Tukaketi mezani, akawekewa sahani. Aliisukuma kwangu. Na mimi nilikula. Nyama ilikuwa tamu, na ninaona haya mpaka leo.

Nyumbani tulimkuta Mama Tshiela ameketi juu ya fito za kibanda, mtoto wa Bibi mapajani, akimnywesha kwa chupa ya bia yenye kitambaa mdomoni. Mweusi, mwenye doa. "Amemaliza yote," alisema. "Funga mulango, baridi." Diploma Kankolongo aliipigilia misumari ukutani hapo hapo kibandani, palipokuwa panavuja.

Mwaka uliofuata walimwita tena kufundisha, safari hii vijana wa wilaya nzima, kutoka Kailo na Kibombo pia. Tulikusanyika uani, na wenye mbuzi wa mtaa, tuliokuwa tumeanza kufuga upya kwa saa za Kankolongo, tulikuja kusikiliza. Alifundisha umande, fito, kamba, kitovu na dang'a, yote kweli tupu. Alipofika kwenye jicho alikohoa kidogo.

"Citoyens, mwaka jana nilikosea. Elimu imeendelea. Nyekundu njo homa, damu inachemka. Nyama nzuri iko na jicho nyeupe."

Waliandika. Mtaa mzima ulikuwa pale, na hakuna aliyejikuna hata kisigino. Somo likapigwa chapa, likagongwa mihuri, likasambazwa.

Mwezi wa tano lori lilikuja. Désiré alimvuta kope mtoto wa Bibi, sasa jike kamili, na ndani kulikuwa kwekundu kama pilipili. Alitikisa kichwa kwa huruma. "Pole, Mama," alimwambia Tshiela. "Huyu hamalizi mwezi." Akapita kwetu sote, akatupa pole nyumba kwa nyumba, mpaka akawapata weupe aliowatafuta: wote sita walikuwa wa zizi la Komisere, ambaye naye alifuga, pale kwenye majani yenye umande ya mtoni. Yule jike aliishi miaka tisa.

Kankolongo alizeeka hapa hapa, na mbuzi wake wakaendelea kuanza kazi saa tatu. Mara ya mwisho nilipomwona akiwa na nguvu, redio ilikuwa imetangaza kwamba wakubwa wanakuja Kindu kutafuta raia wa mfano, mmoja kila mtaa. Jioni alikuja kwangu na fimbo, hakuketi. Alinyoosha mkono, akavuta kope langu, akalitazama muda mrefu.

"Nyekundu," alisema. "Kesho usitoke."