Jiwe la Kilo na Chupa ya Nyundo

Fundi Mizani hakuwa mtu wa kudharau kwa siri. Alidharau mchana kweupe, mbele za watu, na akikudharau leo, kesho alikukumbusha usije ukadhani ameghairi. Miaka ishirini na saba alikuwa akirekebisha mizani za maduka ya mtaa ule, kuanzia ya bucha la kona hadi ya muuza misumari karibu na stendi, na katika miaka yote hiyo, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa hajakutana na muuzaji asiye mwizi wala mnunuzi asiye mjinga. Katikati ya wezi na wajinga alisimama yeye, na koti lake la kaki lenye mifuko minne, na kisanduku cha mbao chenye mawe ya mizani ya shaba: la kilo, la nusu, la robo, na vidogo vyake.

Mawe yale, jamani! Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana aliyatandikia gazeti barazani, akachukua majivu na kipande cha limau, akayasugua mpaka ungeweza kujinyolea ndevu kwa kujitazama humo. Mkewe alikuwa akipita na ndoo anasimama kidogo.

"Baba watoto, mgongo wangu haujasuguliwa hivyo tangu tuoane."

"Mgongo wako haupimi nyama za watu," alijibu bila kuinua uso.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Akiingia dukani aliweka jiwe la kilo juu ya mizani, akakaza skrubu, akalegeza, akakaza, mpaka mshale ukasimama kwenye moja. Kisha aligonga lakiri yake, muhuri wa risasi, mtu asichokonoe. Jiwe likisema kilo, ni kilo. Sheria ilitaka na mawe yenyewe yapelekwe kila mwaka ofisi ya vipimo yakaguliwe. Alipeleka miaka mitatu ya mwanzo, akarudishiwa na cheti kilekile, akachoka. Kule walikaa vijana wenye tai ambao, alisema, hawajui tofauti ya mizani na sahani. Akaacha kwenda.

Sasa, Jumatano moja, Bucha, yule mwenye bucha la kona, alimwita pembeni. Bucha alikuwa mtu mpole kwa umbo lake, mkono wake mmoja ni sawa na paja la mtu, na alikuwa mteja wa Fundi tangu siku ya kwanza.

"Fundi, usinielewe vibaya. Kuna nesi kanunua kilo mbili hapa, akaenda kuzipima kliniki, kwenye mizani ya watoto. Anasema zimepungua."

"Mizani ya watoto!" Fundi aligeuka ili wateja wawili waliokuwa kwenye foleni wasikie vizuri. "Nyama yako imekuwa mtoto mchanga? Mwambie akaipime na joto kabisa!"

"Nakuuliza tu. Jiwe lako ni sawa?"

Hapo ndipo alipotamka maneno yake. Alishika kola ya koti kwa mikono miwili, akasema, "Siku jiwe hili likikutwa limepungua hata kwa punje ya mchele, nitalivua koti hili na sitalivaa tena. Umesikia? Sitalivaa tena." Bucha alirudi kukata mifupa. Hakusema kwamba ameridhika, na jambo hilo lilimkera Fundi hadi Jumamosi.

Jumamosi mchana alikwenda zake baa. Ilikuwa baa ndogo, kaunta ya zege iliyopigwa vigae vya bafuni, viti vya plastiki, na feni moja iliyozunguka kana kwamba inaombwa. Nyuma ya kaunta alikuwa mwanamke ambaye kila mtu, hata waliomzidi umri, alimwita Shangazi. Waliokuwapo ni walewale wa siku zote: Mwalimu wa Udereva, Fundi Cherehani, mzee mmoja mstaafu wa posta, na Bucha aliyekuja na aproni yake. Wote walikunywa bia moja tu, Nyundo, yenye picha ya nyundo kwenye lebo. Bia nyingine, walisema, ni za watu wanaoumwa.

Mwalimu wa Udereva alikuwa na miwani mipya, na mtu mwenye miwani mipya husoma hata kisichomhusu. Akaigeuza chupa, akasoma, akaivuta karibu, akasoma tena.

"Hee! Asilimia nne nukta nane?"

Vichwa vyote viligeuka. Kilevi cha Nyundo kilikuwa asilimia tano na nusu. Ile ni nambari ambayo kila mmoja pale aliijua kuliko tarehe ya kuzaliwa ya mkewe.

"Lete hapa!" Cherehani alimpokonya. "Tumeibiwa! Tumeibiwa mchana kweupe! Na mimi nilijua! Wiki tatu sasa nakunywa chupa nne, nafika nyumbani namsikia mke wangu kila neno. Nikajiuliza, imekuwaje leo namwelewa?"

"Haina povu," alisema mzee wa posta. "Niliona zamani. Povu la Nyundo lilikuwa linakaa. Hili linaaga. Nitawaandikia barua."

"Nami nilihisi hapa." Mwalimu aligusa paji la uso. "Ile kugonga kwake haipo. Sikutaka kusema tu."

Wakaapa kuigomea. Hakuna atakayegusa Nyundo kuanzia siku hiyo, na asiye na msimamo ajitoe sasa. Kisha wakamalizia zilizokwisha funguliwa, kwa kuwa kumwaga ni dhambi.

Fundi Mizani alikuwa amekaa kiti chake cha mwisho wa kaunta, anawatazama kama mtu anavyotazama mbuzi wakila nguo kambani. Alingoja hadi wakachoka.

"Shangazi," alisema, "kreti hizi mpya ziliingia lini?"

"Miezi minne sasa," alisema Shangazi, anafuta glasi. "Mimi nilisoma siku ya kwanza zilipoteremshwa. Nikangoja mlalamike. Hamkulalamika, nikasema kumbe wamependa."

Lo! Fundi alicheka hadi akakohoa. "Miezi minne! Cherehani wiki tatu, mzee anaangalia povu, Mwalimu na kichwa chake! Mmekunywa maji miezi minne, mnajilamba, mnasifu. Mngewekewa ya kufulia mngeomba ya pili. Kiwanda kinawajua nyinyi kuliko mama zenu. Ndio maana wauzaji wanawaibia: ulimi wenu umekufa, mkono wenu umekufa, mnasubiri lebo iwaambie mmeonja nini!"

Bucha akaweka chupa yake chini, akauliza taratibu, "Na wewe, Fundi? Miezi minne hiyo ulikuwa unanywa wapi?"

Tusidanganyane. Hapo angeweza kusema, "Hata mimi sikujua," wakacheka wote, mambo yakaisha. Badala yake alinyoosha mgongo.

"Mimi nilijua. Sikuona haja ya kuwaambia."

Debe tupu haliachi kuvuma. Bucha akatikisa kichwa. "Basi tupime. Si ndiyo kazi yako?"

"Tupime!" Fundi alisimama. Nyumbani alikuwa na chupa mbili za Nyundo ya zamani, zilizobaki kwenye sherehe ya mwanawe ya kumaliza chuo, zimelala kabatini chini ya mablanketi. Alikwenda mbio, akarudi nazo zimefungwa kwenye taulo, lebo zinasomeka: tano nukta tano. Shangazi akazitia kwenye friji, na kwa saa nzima walibishania jambo hilo hilo. Kisha Shangazi akaingia jikoni na chupa mbili za zamani na mbili za sasa, akajaza glasi nne, akaandika kwa chaki chini ya kila glasi, akazileta kwenye sinia wazitambue za zamani, akizipanga upya kila zamu.

Cherehani alionja, akafumba macho kama anayeomba dua, akachagua. Kosa. Mwalimu alichagua. Kosa. Mzee wa posta alitazama povu tu, hakuonja, akakosa vilevile. Bucha alisema, "Mimi sijui, zote bia," akarudi kukaa. Fundi aliguna kwa kila mmoja.

Zamu yake ilipofika alivua kofia. Alionja ya kwanza, akatema kwenye leso. Akaonja ya pili, ya tatu, ya nne, akarudia ya tatu. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Aliinua ile ya tatu juu.

"Hii ndiyo Nyundo. Mwanamume huyu hapa. Ya pili ni ndugu yake. Hizo mbili nyingine mkanyweshe watoto."

Shangazi aliipokea, akasoma chaki chini yake. Mpya. Akainua ya pili. Mpya. Kisha akasema bila kejeli yoyote, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi, "Fundi, mwezi uliopita uliniambia Nyundo ya siku hizi imetulia. Ukasema wamerudisha mapishi ya zamani."

Vicheko vilivyofuata vilisikika mpaka stendi. Cherehani, kwa huruma au kwa kujiokoa mwenyewe, akamrushia kamba: "Labda za kabatini zimechacha, Fundi. Joto la mablanketi." Ilikuwa sababu nzuri tu, na Fundi angeipokea kutoka kwa mtu yeyote mwingine. Lakini Bucha hakucheka. Alikuwa anamtazama Fundi, kisha koti, kisha Fundi tena, na wote wawili walijua hawafikirii bia.

Alitoka bila kuaga. Nyumbani alitoa kisanduku, akakaa nacho barazani, jiwe la kilo kiganjani. Lilikuwa zito kama siku zote. Alilihamishia mkono wa kulia, likawa lilelile. Ndiyo, lakini na bia ile ilikuwa ileile miezi minne. Mkewe alimkuta hivyo.

"Leo si Ijumaa."

"Najua."

"Basi mbona unayakumbatia?"

"Mke wangu, hebu niache," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, mke akamwacha kweli.

Jumatatu asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni pa ofisi ya vipimo. Aliyempokea alikuwa binti wa umri wa mwanawe, hana hata tai. Alivaa glavu, akaliweka jiwe juu ya mizani yao iliyofunikwa kioo, akangoja nambari zitulie. Aliandika, akaliondoa, akaliweka tena, akaandika tena.

"Baba, haya mawe unayasafisha na nini?"

"Majivu na limau."

"Mara ngapi?"

"Kila Ijumaa. Miaka ishirini na saba."

Binti alilaza kalamu. "Shaba inalika, baba. Kidogo kidogo. Kilo yako imebaki gramu mia tisa sabini na tisa."

Gramu ishirini na moja. Aliishia kukaa kwenye benchi la wateja, na kichwani mwake yalipita maduka yote, moja baada ya jingine, kila moja na lakiri yake. Hakuna aliyeiba. Wauzaji walipima kwa haki, mshale ulisimama kwenye moja, na kila kilo ya mtaa ule, nyama, unga, sukari, misumari, ilikuwa imepungua. Walionunua walikuwa majirani zake. Alikuwemo na mkewe. Na yeye mwenyewe alikuwa ameipunguza kwa mikono yake, kila Ijumaa, huku anawatukana wezi. Nyani haoni kundule, wanasema watu. Lakini huyu alikuwa akilisugua ling'ae.

Jioni ile alikwenda baa kabla jua halijazama. Wale wa mgomo walikuwepo wote, na mbele ya kila mmoja kulikuwa na Nyundo. Mzee wa posta alieleza kwamba ukiizoea si mbaya, na barua ameiahirisha. Siku nyingine Fundi angewapasua kwa maneno. Leo aliweka jiwe kwenye kaunta mbele ya Bucha, na cheti kipya cha ofisi ya vipimo juu yake.

"Soma," alisema. Kisha, kwa kuwa Bucha alikuwa anasoma polepole, akasema mwenyewe kwa sauti, wote wasikie. "Jiwe limepungua. Nesi alisema kweli. Kilo zenu zote zimepungua, kwa miaka ambayo sijui idadi yake. Kosa ni langu, si la mwenye duka yeyote."

Akafungua vifungo vya koti kimoja kimoja, akalivua, akalikunja, akaliweka juu ya kiti. Bila koti alionekana mwembamba. Hawakuwahi kumwona mabega.

Wa kwanza kusema alikuwa Cherehani. Alipiga kaunta kofi.

"Mimi nilijua! Wallahi nilijua! Nilikuwa nikibeba ile nyama naona, mbona nyepesi hivi?"

"Hata mimi," alisema Mwalimu. "Sukari, hasa. Niliihisi kwenye mkono."

Fundi Mizani alifungua mdomo. Jibu lilikuwepo, lilikuwa kali, na lingewanyamazisha wote wawili. Akalimeza. Lilishuka kwa shida.

Bucha alikunja cheti, akakirudisha juu ya jiwe. "Kwangu nafungua saa moja," alisema. "Uazime mawe mazima kule ofisini, uje uanze na mizani yangu. Halafu duka kwa duka mpaka stendi, na kila mlangoni utawaambia ulivyotuambia sisi."

"Nimevua koti, Bucha. Niliapa mbele ya watu."

"Nimekuona," Bucha alisema. "Njoo bila koti."